Yai Unaliongea, Insha Je? Somo Jipya Ambalo Vijiwe Vimelisahau

Haya wadau, mtaala mpya umeongelewa mpaka basi. Vijiweni, redioni, kwenye daladala, kote watu wamebishana kuhusu shule ya msingi kuwa miaka sita, wamebishana kuhusu mkondo wa amali, na sasa wanapiga hesabu za wale watoto walioanza darasa la tatu 2024. Hao watamaliza la sita 2027, mwaka uleule kaka zao wanamaliza la saba, halafu Januari 2028 wote wagongane kwenye mlango wa kidato cha kwanza. Hayo ni mazito na yana watu wake wa kuyasemea.

Mimi nataka niongelee kitu kingine kilichoingia kimyakimya. Kwenye mihtasari ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kuna somo la kidato cha tano na sita linaitwa Academic Communication. Kwa lugha yetu tuseme mawasiliano ya kitaaluma: jinsi ya kusikiliza mhadhara, kusoma kitabu kigumu, kuandika kama mtu wa chuo. Sisi tuliopita kwenye mtaala wa zamani tulikuwa na General Studies, ile GS ambayo kila mtu alikuwa anaisoma wiki moja kabla ya pepa.

Kwa nini nalivalia njuga? Kwa sababu pale mwaka wa kwanza wa chuo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mzazi kauza shamba au ng'ombe, Bodi ya Mikopo imetoa mkopo, kijana kafika na Division One yake, halafu semista ya kwanza anakutana na sapu tatu. Mwaka wa pili kadisko. Na deni la Bodi halifutwi eti kwa kuwa umedisko, linabaki palepale linakusubiri. Ukimuuliza amekwama wapi, mara nyingi hatakwambia hesabu zilimshinda. Atakwambia, "mwanangu, swali nilikuwa nalielewa, ila nilichoandika lekchara hakukitaka."

Hiyo kauli nimeisikia kwa washikaji wa vyuo tofauti, wa fani tofauti. Mtu alielewa na bado akafeli. Hapo ndo penye kitu.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kila mtu anaikimbilia. Mtoto wa shule ya serikali anasoma msingi wote kwa Kiswahili, halafu anaingia sekondari, na baada ya wiki chache za kozi ya maandalizi, biolojia, jiografia na fizikia zote zimegeuka kimombo. Hili si jipya. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985. Haikutokea. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta hali ni mbaya kiasi kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kujifunza kitu cha maana kupitia lugha hiyo. Na walipendekeza nini baada ya kukuta hivyo? Kiingereza kibaki, ila kifundishwe zaidi. Nacheka mpaka leo. Ukaja mradi wa fedha za Uingereza wa kukiinua, vikaja vitabu vya hadithi nyepesi mashuleni, ukaisha. Sera ya 1995 ikabakiza Kiingereza sekondari. Sera ya 2014 ikafungua mlango wa lugha zote mbili, watu wakashangilia, mlango ukabaki wazi bila mtu kupita. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa mwanzoni mwa 2025, limerudi kwenye Kiingereza kwa sekondari. Mahakama zilibadilishiwa lugha kwa sheria mwaka 2021. Darasa la sekondari, bado.

Wapo wataalamu wetu waliosema muda mrefu. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwamba tunachanganya mambo mawili: kufundisha Kiingereza, na kufundishia kwa Kiingereza. Huwezi kujifunza lugha kwa kufundishwa usichokielewa ndani ya lugha hiyo. Mimi namuunga mkono mia kwa mia. Lakini leo sitaki tuzame kwenye ubishi wa Kiswahili dhidi ya Kiingereza, maana huo tukiuanza hapa mtaanza na Wachina na Wajapani na hatutamaliza. Nataka tuone kitu ambacho ubishi huo unakificha.

Kitu chenyewe ni hiki. Kiingereza cha kuongea na Kiingereza cha kusomea ni wanyama wawili. Mwaka 1979 mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alivitenganisha. Akaangalia watoto wa wahamiaji kule Kanada, akaona kwamba mtoto anapata Kiingereza cha kupiga stori na wenzake katika miaka kama miwili, lakini kuwafikia wenzake katika Kiingereza cha kitabuni kunachukua miaka mitano mpaka saba. Na hao ni watoto ambao jirani anaongea Kiingereza, mwenye duka anaongea Kiingereza, televisheni na mpira uwanjani ni Kiingereza. Sasa mchukue wa kwetu wa Nachingwea au Sengerema, ambaye kengele ikilia Kiingereza kinaisha, umpe miaka minne ya kidato cha kwanza mpaka cha nne. Nyie wenyewe pigeni hesabu.

Ndiyo maana yule mshikaji anayeshusha ung'eng'e kijiweni mpaka madada wanageuka, ukimpa kurasa tano za kitabu cha sosholojia anakutolea macho. Hajifanyi. Maneno ya mle ndani hayako kwenye muvi wala kwenye nyimbo. Mwaka 2000 mwanamama mmoja wa New Zealand, Averil Coxhead, alichambua maandishi ya vyuo vya fani mbalimbali akatengeneza orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia kwenye fani zote, maneno kama "analyse", "derive", "concept", "significant". Maneno hayo yalibeba kama asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma aliyochunguza. Kwenye hadithi za kubuni yalikuwa asilimia 1.4 tu. Kwa hiyo anayekwambia "angalia sana series utajua Kiingereza cha chuo" anakuingiza chaka. Series zitakusaidia kuomba chai.

Hayo ni maneno. Sasa tuje kwenye kitu kikubwa zaidi, ambacho hata ungekuwa na kamusi nzima kichwani bado kingekuangusha.

Shuleni tulifundishwaje insha? Utangulizi, kiini, hitimisho. Kiini kina hoja sita. Utangulizi ni kutoa maana ya neno kuu. Hitimisho linaanza na "Generally". Kila swali linajibiwa hivyo, hata swali liulize nini. Chukua mfano wa historia yetu wenyewe: ukame ulichangia kwa kiasi gani uhaba wa chakula Tanzania mwaka 1974? Kwa Kiingereza swali litaanza na "To what extent". Kijana wa hoja sita ataandika maana ya ukame, kisha madhara sita ya ukame, kisha "Generally". Ameandika kurasa nne, Kiingereza kimenyooka, na hajajibu.

Swali linasema pima. Lina mizani ndani yake. Upande mmoja ukame wa 1973 na 1974, ambao kweli ulikuwepo. Upande wa pili Operesheni Vijiji, watu wanahamishwa, mashamba yanaachwa mbali, wengine hata msimu wa kupanda umewakuta hawajatulia. Upande mwingine tena mafuta yaliyopanda bei duniani kuanzia 1973, ambayo yalifanya kila tulichoagiza nje kuwa ghali. Mjibuji anatakiwa aviweke vyote juu ya mizani, aseme kipi kilikuwa kizito zaidi, na aonyeshe ushahidi uliomfanya aseme hivyo. Anaweza kusema ukame ndio uliokuwa mzito, anaweza kusema operesheni. Maksi ziko kwenye kupima.

Na maneno ya maswali yote yako hivyo. "Describe" anataka uchore kitu kilivyo. "Account for" wengi wanadhani ni mambo ya akaunti, kumbe anataka sababu. "Discuss" anataka pande zaidi ya moja zigombane mbele yake. "Critically" wengi wanaisoma kama "laumu", basi wanaponda kila kitu kuanzia mstari wa kwanza. Anachotaka ni ukague, useme wapi hoja inasimama na wapi inayumba. Miaka sita ya sekondari mtu anaweza kumaliza bila kuambiwa tofauti hizi hata siku moja.

Halafu kuna la madesa. Hapa naomba wasomi mnisikilize vizuri.

Sekondari mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunakopi. Vitabu viko vichache, kitabu kimoja watu kumi, kwa hiyo notsi za mwalimu ndiyo kitabu. Mtihani ukija tunarudisha notsi kama tulivyozipokea, na anayezirudisha vizuri kuliko wote ndiye T.O. Huyu kijana anatuzwa miaka sita kwa kuandika maneno ya mtu mwingine neno kwa neno. Anaingia chuo, anafanya kilekile kilichompa Division One, anaambiwa ni wizi wa kitaaluma. Kazi yake inapata sifuri na jina lake linapelekwa kwenye kamati. Hakuna siku mtu alimkalisha chini akamwambia sheria za mchezo zimebadilika. Akitoka hapo anakimbilia stashenari ya nje ya geti kununua madesa ya mwaka juzi, maana angalau yale yalishapita mikononi mwa mtu aliyefaulu.

Kwani kueleza mawazo ya mtu kwa maneno yako mwenyewe ni kazi ya Kiingereza? Hebu tujaribu kwa Kiswahili. Sentensi hii nimeitunga mimi: "Bei ya mahindi hupanda mvua zinapochelewa kwa sababu wakulima huzuia akiba yao ghalani." Mkopiaji ataandika: "Bei za mahindi huongezeka mvua zikichelewa kwa kuwa wakulima hushikilia akiba yao ghalani." Kabadilisha maneno machache, wizi uko palepale. Mwenye ujuzi anafunga kitabu kwanza. Anajiuliza, huyu anasema nini hasa? Halafu anaandika: "Kwa mwandishi huyu, kinachopandisha bei ni hofu ya mkulima hata kabla mavuno hayajapungua." Kisha anaongeza cha kwake: "Lakini hoja hii haielezi kwa nini bei hupanda pia mahali ambapo wakulima hawana akiba yoyote ya kuzuia."

Umeona? Hakuna neno la Kiingereza hata moja hapo, na hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu. Ingefundishwa darasa la sita kwenye somo la Kiswahili, mtoto angefika kidato cha tano akiwa na kazi moja tu ya kuongeza, ya lugha. Sasa hivi tunambebesha zote mbili kwa mpigo akiwa na miaka 20, ugenini, hana hosteli, bumu halijaingia.

Vyuo navyo vinajua. Pale Mlimani kitengo cha Communication Skills kilianzishwa tangu 1978. Mpaka leo vyuo vingi nchini vina kozi ya namna hiyo mwaka wa kwanza. Ila waulize waliopita. Darasa lina mamia ya watu, wengine wamesimama dirishani. Mwalimu wa watu mia tano atasahihisha insha ngapi? Kwa hiyo kozi inageuka kuwa ya maana na aina: maana ya mawasiliano, vikwazo vya mawasiliano, aina za usomaji. Mtu anapata A ya ujuzi wa kuandika bila kuandika aya moja iliyosahihishwa. Ni sawa na kupewa leseni ya udereva kwa kutaja sehemu za gari.

Na hapo ndipo hofu yangu na hili somo jipya ilipo. Wazo lenyewe nalipigia makofi, kwa dhati. Kwa mara ya kwanza somo la shule limeliita tatizo kwa jina lake, na limeliweka kabla ya geti la chuo. Lakini somo hufuata mtihani wake, hilo kila mwanafunzi wa Tanzania analijua. NECTA wakiuliza "taja hatua tano za kuandika insha", kesho yake kutakuwa na kijitabu cha hatua tano kinauzwa Kariakoo, na tumepata GS namba mbili. Wakimpa mwanafunzi matini mbili ambazo hajawahi kuziona, zinazopingana, wakamwambia afupishe kila moja kwa sentensi tatu kisha aseme ipi ina ushahidi bora, hapo hakuna cha kukariri. Hata mwalimu itabidi afundishe kusoma. Mtihani wa namna hiyo ni mgumu kusahihisha, nakubali, unataka msahihishaji anayefikiri na muda zaidi. Ila ni bei nafuu kuliko kumlipia mtu miaka miwili ya chuo halafu kadisko.

La pili ni walimu. Aliyefundishwa kwa kukopi na kupimwa kwa kurudisha, leo tunamwambia afundishe kuhoji. Simlaumu mwalimu, naye alipita njia hiyohiyo na mshahara wake mnaujua. Kumpa muhtasari mpya bila kumpa semina za maana na vitabu vya kusoma ni kumtuma sokoni bila kikapu.

La tatu hata kwenye mabishano machache niliyoyaona halikutajwa. Si kila anayeingia chuo kikuu anapitia kidato cha tano. Kuna wanaotoka kidato cha nne wakaenda vyuo vya kati, wakapata stashahada yenye GPA ya 3.0 na kuendelea, wakaingia digrii kwa njia hiyo. Manesi, mafundi sanifu, watu wa kilimo. Wengi wao kwenye mikono wanatuzidi mbali sisi wa kukariri. Hao somo hili halitawagusa kabisa, na ndio hao wanaokutana na "critically discuss" kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima wenye familia.

Sasa najua kuna mjanja atasema, "siku hizi kuna ChatGPT, insha unaiagiza tu." Sawa, agiza. Kiingereza atakachokupa kitakuwa kizuri kuliko cha mkuu wa shule. Lakini hizo mashine zinaweza kukutungia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, na mwandishi wake, na mwaka wake, na zinakutajia bila aibu. Usipojua kukagua chanzo, utamkabidhi lekchara orodha ya vitabu hewa. Tena nzuri zaidi: kwa vile sasa Kiingereza kilichonyooka kinapatikana bure, mwalimu atakuita umweleze kwa mdomo ulichokiandika. Pale ndipo itajulikana nani alisoma.

Kwa nyie mnaosubiri chuo kama mimi, wengine mko JKT, wengine mko kitaa mnazunguka na bahasha, tusikae tukisubiri serikali. Ile orodha ya Coxhead iko wazi mtandaoni, ukiingia kafe itafute, iprinti, maneno kumi kwa siku unaimaliza kabla vyuo havijafungua. Kuna njia ya kusoma aliyoiandika Mmarekani Francis Robinson kwenye miaka ya 1940, wanaiita SQ3R: pitia sura juujuu kwanza, geuza vichwa vyake kuwa maswali, ndipo usome kutafuta majibu, kisha funga kitabu ujisemeshe ulichopata, mwisho rudia. Haihitaji kompyuta wala umeme. Ijaribu kwenye tahariri ya gazeti lolote la Kiswahili kabla hujaipeleka kwenye kimombo. Mimi na wenzangu wawili tunafanya Jumamosi: kila mtu analeta makala moja, mwenzake anaifupisha bila kuiangalia, aliyeileta anamkosoa. Wiki za mwanzo tulikuwa tunagombana kila baada ya dakika tano, maana kila mmoja alikuwa anaona mwenzake hajaelewa.

Walimu na wanafunzi mlioko kwenye shule ambazo Academic Communication linafundishwa, tuambieni hapo chini. Mmeshaandika insha ngapi mpaka sasa, na zimerudi zikiwa na maandishi ya mwalimu pembeni, au zimerudi na namba tu?